Stelingi Hafi, Shabiki Anazeeka

Mazungumzo na vijana, walimu na wazazi, Busia, Uganda

Wazee wangu, walimu, wazazi mliofunga biashara mapema mkaja, na ninyi vijana mlionialika: hamjambo? Nawashukuru. Mada mliyonipa ni swali, nami nimelipenda jinsi mlivyoliandika kwenye ule ujumbe wa simu: "Mzee, bado unafanya nini na Spider-Man?"

Nimevuka miaka sitini. Kazi yangu imekuwa uwakala wa forodha hapahapa mpakani, nina watoto na wajukuu, na chumbani kwangu kuna sanduku la bati lililojaa komiki. Wenzangu wa rika langu huniuliza kwa upole nitaacha lini. Sitaacha, na nimekuja kueleza kwa nini.

Hadithi hizi nimezisoma nikiwa mtoto, nikazisoma nikiwa kijana asiye na kazi, nikazisoma nikiwa baba, na sasa nazisoma nikiwa jjajja, yaani babu. Ukurasa ni uleule, lakini kila umri umenionyesha mtu mwingine ndani yake. Nilianza kwa kumtazama anayepiga. Siku hizi namtazama zaidi anayebaki nyumbani akiwaza kodi ya pango na dawa. Kutoka kwa yule wa kwanza hadi huyu wa pili ni mwendo wa maisha yangu mazima, na nimeuona vizuri kwa sababu mashujaa wenyewe walibaki pale walipokuwa.

Hebu tuzungumze kwanza juu ya hilo la kubaki. Spider-Man alitokea mara ya kwanza kwenye komiki ya Agosti 1962, kazi ya Stan Lee na mchoraji Steve Ditko. Tarehe 9 Oktoba mwaka huohuo Uganda ikapata uhuru. Kijana huyu na nchi yetu ni marika. Peter Parker, ndiye Spider-Man mwenyewe akivua kinyago, alikuwa mwanafunzi wa sekondari, wa miaka 15 hivi. Fanyeni hesabu: leo angekuwa anaikaribia miaka themanini, umri wa wazee ambao hapa kwetu hupewa pesa kidogo ya serikali kila mwezi. Lakini fungueni komiki mpya: bado kijana, bado anaruka kutoka ghorofa hadi ghorofa. Superman ni wa 1938, Batman wa 1939, Captain America wa 1941. Hakuna mwenye mvi za kudumu. Mara mojamoja mwandishi humzeesha mmoja wao katika hadithi ya pembeni, kisha toleo linalofuata ujana umerudi.

Sababu haina fumbo. Mashujaa hawa wana wenyewe, na wenyewe ni makampuni. Sura ya Spider-Man iko kwenye begi la shule, kwenye fulana, kwenye viatu vya mtoto pale sokoni. Ujana wake ni mali, nayo mali inalindwa.

Waliozeeka ni waliowabuni, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo. Jerry Siegel na Joe Shuster walikuwa vijana wawili wa mji wa Cleveland huko Marekani, watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi. Mmoja aliandika, mmoja akachora. Mwaka 1938 walimuuza Superman kwa dola 130, za kugawana wawili. Walitia saini, wakakabidhi haki zote. Superman akatajirisha watu, na wao walipokwenda mahakamani kudai chao, majina yao yakaondolewa kwenye kazi waliyoibuni. Miaka ikapita. Ilipofika 1975, Siegel alikuwa karani wa kupiga chapa, na Shuster, yule mwenye mkono uliochora joho jekundu likipepea, alikuwa karibu kipofu. Wachoraji wenzao walipiga kelele, magazeti yakaandika, ndipo kampuni ikakubali kumlipa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kurudisha majina yao. Bill Finger hakufika hata hapo. Ndiye aliyeshauri Batman avae joho badala ya mabawa, avae kinyago chenye masikio, avae rangi za giza. Alifariki mwaka 1974 bila jina lake kuandikwa, na lilianza kuandikwa rasmi mwaka 2015. Mwaka 2024 nakala moja ya ile komiki ya kwanza ya Superman, iliyouzwa senti kumi ilipotoka, ilinunuliwa kwa dola milioni 6.

Nimewaona hapa vijana wenye madaftari ya michoro. Mmoja amenionyesha shujaa wake anayetokea Tororo, mwenye mwamba mgongoni, na ni mchoro mzuri sana. Mwanangu, mimi maisha yangu yote nimeshughulika na karatasi za kutia saini. Mtu akija na mkataba, usome mpaka mstari wa mwisho. Usipouelewa, mletee anayeelewa. Weka jina na tarehe kwenye kila mchoro kuanzia leo.

Sasa, komiki zilitufikiaje? Wazee walioko hapa wanaikumbuka miaka ya sabini. Sukari, sabuni na chumvi vilipita mpaka huu kwa magendo, na baiskeli za boda boda, ambazo zilianzia hapa Busia, zilibeba watu na mizigo kati ya kituo na kituo. Komiki zilipita katikati ya vitu hivyo. Zilitoka Nairobi, zikiwa zimeshasomwa na mikono mingi, nyingine hazina jalada, nyingi hazina ukurasa wa mwisho. Upande wa Kenya kulikuwa na muuzaji aliyezitandaza juu ya gunia. Kaka zetu wakubwa walimpenda Lance Spearman, yule mpelelezi Mwafrika wa vitabu vya picha, mwenye kofia na sigara. Sisi wadogo tulipigania zile za rangi. Kwa kuwa mwisho ulikuwa umechanika, tuliubuni wenyewe, kila mtoto na wake, na tuligombana kweli juu ya mwisho wa nani ulikuwa wa haki.

Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979, nilikuwa na miaka 15, umri wa Peter. Tulihamia kijijini kujificha. Redio haikuwashwa ovyo, taa ilizimwa mapema, na wadogo zangu walikuwa wakitetemeka gizani. Sikuwa na la kuwapa ila hadithi. Niliwasimulia toleo baada ya toleo kwa sauti ya chini, kwa Kisamia na Kiswahili, nikiongeza pale niliposahau. Kuanzia hapo sikuweza tena kumsikiliza mtu anayeniambia kwamba hivi ni vitu vya kupotezea muda.

Baadaye vikaja vibanda vya video. Mabenchi ya mbao, jenereta nje, televisheni moja juu ya meza, na VJ anayetafsiri huku filamu ikiendelea. Sisi wa mpakani tulipata pande zote mbili: kutoka Kampala sauti ya VJ Jingo kwa Kiluganda, kutoka Kenya DJ Afro kwa Kiswahili. Na humo ndimo kanuni yetu kubwa ilimokaa: stelingi, yaani shujaa mkuu wa filamu, hafi. Apigwe, atupwe mtoni, gari lilipuke na yeye ndani, watoto wa benchi la mbele hawakutikisika. "Stelingi hafi!" Ilikuwa imani ya kibanda kizima. Nawaheshimu sana wale ma-VJ. Walichukua hadithi ya mji wa mbali wakaifanya ipite Owino na Kisenyi, mitaa ya Kampala. Na wale vijana wa Wakaliga, hukohuko Kampala, wanaotengeneza filamu za mapigano kwa bunduki za vyuma chakavu na kompyuta walizounga wenyewe wametoka kwenye kiu hiyohiyo.

Kuna ukurasa mmoja ninaotaka tuutazame pamoja. Uko kwenye toleo la 33 la komiki za Spider-Man, la Februari 1966. Mambo yamefika hivi. Shangazi May, aliyemlea Peter, yuko hospitalini anakata roho. Kinachomuua ni damu: aliwahi kuumwa, Peter akamtolea damu yake, na damu hiyo ina mionzi ya yule buibui aliyemng'ata Peter na kumpa nguvu. Dawa inayoweza kumwokoa imeibwa na majambazi. Peter ameifuata mpaka kwenye maficho yao chini ya maji, wamepigana, na mtambo mkubwa wa chuma umemwangukia. Amelala chini, chuma kizima mgongoni. Mbele yake sakafuni, mahali ambapo mkono haufiki, liko kasha dogo lenye dawa. Juu kunavuja, na maji yanazidi.

Tazameni Ditko alivyofanya. Visanduku vya mwanzo ni vidogo na vimebana. Chuma kimejaa juu, Peter amesukumwa chini kabisa, pembezoni mwa picha. Anajaribu, anashindwa. Anamkumbuka mzee Ben, mume wa May, aliyekufa, anamkumbuka May. Anajaribu tena. Mgongo unanyooka kidogo, na kisanduku nacho kinapanuka. Unafunua, kisanduku kimepanuka tena. Kisha unafika ukurasa ambao wote ni picha moja: chuma kiko hewani, mikono imenyooka, maji yanamwagika kila upande. Mchoraji hakuhitaji kukueleza uzito. Ulikuwa umeubeba pamoja naye kurasa zote hizo.

Nilipokuwa kijana niliutazama mgongo. Nilipiga pushapu kwa sababu ya mgongo ule.

Mama mkubwa ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki. Alinunua mukene, wale dagaa wa ziwani, kule Majanji, akaianika, akaiuza sokoni, na kwa pesa hiyo nikasoma. Nilipokuwa na miaka arobaini na kitu aliugua sukari ikapanda vibaya. Hospitali tuliyokwenda haikuwa na insulini usiku ule. Muuguzi aliniandikia kwenye kipande cha karatasi na kuniambia nitafute nje. Nilizunguka maduka ya dawa ya mji huu, yaliyofungwa nikagonga. Hakuna. Nikavuka kwenda upande wa pili, nikaipata kwenye duka ambalo mwenyewe alikuwa anateremsha mlango. Akaniambia lazima ikae baridi. Nilikuwa na chupa ya chai niliyomletea mgonjwa. Nikamwaga chai barabarani, nikanunua barafu kwa muuza samaki, nikaivunja kwa jiwe ikaingia mdomoni mwa chupa, dawa nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni nikaiweka juu yake. Nilirudi na boda boda nikiwa nimeikumbatia ile chupa kifuani. Mama mkubwa alipona.

Siku chache baadaye nililifungua toleo la 33, na macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye lile kasha dogo sakafuni. Nilikuwa nimelisoma toleo hilo tangu utotoni na kasha lilikuwepo muda wote. Ditko alilichora mbele kabisa, karibu na macho ya msomaji. Ilibidi nifike umri ule, na usiku ule unipite, ndipo nione kwamba ukurasa mzima umejengwa kulizunguka.

Tangu hapo nimesoma upya kila kitu nikitafuta watu wa pembeni. Na hapo ndipo nilipomjua Peter hasa. Katika toleo la kwanza la komiki yake mwenyewe, la Machi 1963, mzee Ben ameshauawa na nyumba haina pesa. Peter anafanya onyesho akiwa amevaa kinyago, analipwa kwa hundi, anaipeleka benki, nao wanaikataa kwa sababu imeandikwa jina la Spider-Man na yeye hana kitambulisho chenye jina hilo. Nani hapa Busia hajawahi kurudishwa dirishani kwa sababu ya herufi za jina? Anakwenda kwa kundi la mashujaa wakubwa kuomba kazi ya mshahara, anaambiwa kundi halilipi mishahara. Na wakati huohuo shangazi May anapeleka vito vyake kwa mkopeshaji kuviweka rehani ili kodi ya nyumba ilipwe. Hayo yote yako kwenye toleo la kwanza! Kabla hajapata adui mkubwa hata mmoja, ana kodi ya nyumba. Mama mkubwa aliweka cherehani yake rehani muhula nilipofukuzwa shule kwa ajili ya karo. Nilikuwa nimeisoma ile sehemu ya vito mara nyingi nikaipita haraka ili nifike kwenye mapigano.

Kwa hiyo, vijana, mkiona mzee anashika komiki, msidhani amerudi utotoni. Mimi sitaki kurudi utotoni. Utoto wangu ulikuwa na njaa na milio ya bunduki. Nasoma kutoka hapa nilipo.

Na ushabiki si karatasi peke yake, ni watu. Miaka mingi kwenye uwanja wa malori, wakati wa kusubiri nyaraka, kabla hawajafungua hiki kituo cha pamoja mwaka 2018, foleni ililala hapa. Dereva mmoja wa njia ya Mombasa na Kampala alikuwa mtu wa Batman. Tulianza kubishana kwenye kivuli cha trela lake na hatukumaliza. Yeye alisema Batman ndiye mkubwa kwa sababu hana nguvu za ajabu, ana kazi tu na akili. Mimi nilimwambia ana kazi, akili na urithi wa mabilioni, na urithi ni nguvu ya ajabu kuliko kuruka angani. Alinunua komiki njiani, na kwenye ukurasa wa kwanza wa kila moja aliandika kwa kalamu jina lake, tarehe, na mji alikoinunua. Figo zilimchukua. Nilivuka kwenda kumzika, na baada ya matanga mke wake alinikabidhi begi. Ndani, komiki zake zote: Mariakani, Voi, Mlolongo, Salgaa, Webuye. Nikizipanga kwa tarehe nasoma njia nzima aliyoendesha, safari baada ya safari, mpaka tarehe zinapokoma.

Hapo nina ugomvi na hadithi hizi, na niuseme wazi kwa sababu ukipenda kitu unakigombeza. Novemba 1992 walimuua Superman. Watu walipanga foleni kununua toleo lile, wengine wakivaa vitambaa vyeusi. Mwaka uliofuata akarudi. Wenye majoho wote hurudi. Mzee Ben, aliyepigwa risasi na mwizi, hadithi kuu haijamrudisha, na ndiyo maana kifo chake bado kinauma baada ya miaka yote hii. Mwandishi anayemrudisha kila mtu ananinyima kitu ninachokihitaji nikiwa mbele ya lile begi la dereva.

Ugomvi wangu wa pili ni mzito zaidi. Hadithi hizi zinatufundisha kumsubiri mtu mmoja mwenye nguvu ashuke atuokoe. Nchi hii imeshamjua mtu wa namna hiyo. Idi Amin alijivika vyeo, akajitangaza rais wa maisha mwaka 1976, akajiita mshindi wa Milki ya Uingereza. Wazee hapa wanajua gharama yake. Kwa hiyo mimi nikimsoma Superman, ninachopenda ni pale anapokataa. Anaweza kutawala dunia kwa mkono mmoja, na asubuhi anavaa miwani, anakwenda kazini kuandika habari za gazeti, anagombezwa na mhariri. Wakulima wawili wa Kansas walimfundisha hilo kabla hajajua kuruka. Nikiulizwa ni nani wenye uwezo mkubwa kuliko wote katika hadithi ile, nawataja hao, Jonathan na Martha Kent, waliomlea mtoto wa kuokota mpaka akawa mtu.

La tatu nitalisema haraka. Kuna vijana wa kiume wanaowahoji wasichana kama askari: wewe unamjua nani, taja kumi. Acheni. Storm, anayeamuru mvua na radi tangu 1975, mama yake ni Mkenya. Florence Kasumba, aliyesimama mbele ya mfalme wa Wakanda akiwa na mkuki katika filamu ya Black Panther, alizaliwa Kampala hapa. Daniel Kaluuya, aliyecheza filamu hiyohiyo, wazazi wake ni Waganda. Milango hii haina mlinzi, kila mtu aingie.

Wakanda inanirudisha mwaka 2020. Mnakumbuka shule zilivyofungwa mwezi Machi, zikaja kufunguliwa zote Januari 2022. Watoto wa mtaa wetu walikuwa wanazurura, na wazazi wamechoka. Nililitoa sanduku barazani, nikakaa nao kwa umbali tulioambiwa. Tarehe 28 Agosti 2020 akafariki Chadwick Boseman, yeye ndiye Black Panther, akiwa na miaka 43, kwa saratani ya utumbo mpana. Habari ilipofika, kijana mmoja alikuja barazani asubuhi, hakusema hujambo wala shikamoo. Aliniuliza, "Jjajja, si ulisema stelingi hafi?"

Sikutaka kumdanganya mtoto ambaye nyumbani kwao walikuwa wamezika mtu mwezi uliotangulia. Nilimwambia nilichokijua. Nikamwambia huyu mtu aligunduliwa ana ugonjwa mwaka 2016. Filamu uliyoipenda ilitoka 2018. Kila uliporuka kwenye kochi kwa furaha kumwona anapigana, alikuwa ni mtu mgonjwa, anatoka kwenye upasuaji na dawa kali, anavaa vazi, anarudi kazini, na hakumwambia mtu nje ya watu wake wa karibu. Nikamweleza pia habari za Christopher Reeve, aliyekuwa Superman wa ujana wangu. Alianguka kutoka juu ya farasi mwaka 1995, akapooza kuanzia shingoni, na aliishi miaka tisa zaidi kwenye kiti cha magurudumu akipigania utafiti wa uti wa mgongo. Yule kijana alinyamaza, kisha akaomba aazime toleo la T'Challa, huyo huyo Black Panther. Alikaa nalo siku nyingi. Yuko hapa leo, na sauti imeshakuwa nzito.

Wanaume wenzangu mlio nyuma pale, neno moja. Saratani ya utumbo ikigunduliwa mapema inatibika. Mkiona damu chooni, au tumbo limebadilika na halirudi, msikae kimya kiume. Nendeni mkapimwe. Taasisi ya Saratani iko Mulago tangu 1967.

Mwili wangu nao unazungumza. Magoti yananiambia mvua kabla ya redio. Macho ndiyo yanayonisumbua zaidi, kwa sababu maandishi ya komiki ni madogo na yote ni herufi kubwa, na miwani niliyonayo haifikii tena yale mapovu ya maneno ya zamani. Kwa hiyo siku hizi mjukuu wangu ananisomea. Jioni, baada ya kula posho, ugali wetu, tunakaa watatu: yeye anasoma Kiingereza, mimi nageuza Kiswahili, na mama mkubwa, ambaye amevuka miaka 85, anasikiliza akiwa amefumba macho. Tunadhani amelala. Tulipomsomea toleo la kwanza, tukapita sehemu ya rehani, tukaendelea na kurasa kadhaa za mapigano, akatukatiza: "Na yule mama, vito vyake alivikomboa?"

Nimesikia mabishano mengi juu ya Spider-Man katika maisha yangu. Hakuna aliyewahi kuuliza swali zuri kuliko lile. Alikuwa amebaki pale dukani kwa mkopeshaji na May, wakati sisi tumeshakimbilia juu ya maghorofa. Naye cherehani yake aliikomboa, kwa taarifa yenu. Iko nyumbani na inashona.

Wazazi, ombi langu kwenu ni dogo. Mtoto akiwa na komiki, kaa naye usome ukurasa mmoja. Muulize nani amepika, nani amelipa, nani anauguza. Atakujibu, na utashangaa anavyoyajua ya nyumbani kwako. Lakini karo kwanza; mtu asininukuu kwamba mzee alisema mnunue sanamu za plastiki kwa pesa ya muhula.

Sanduku langu mmeliona pale mlangoni. Nimekubaliana na mwalimu wa maktaba kwamba litabaki hapa, kwa sababu chumbani kwangu linasomwa na watu watatu na hapa mko wengi. Yeye ndiye mwenye daftari la kuazima. Jina, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Mikono ioshwe, hasa mkitoka kula rolex, ile chapati ya mayai, mafuta yanaharibu karatasi ya zamani na hayatoki. Zile zenye maandishi ya kalamu kwenye ukurasa wa kwanza ni za yule dereva. Hizo zisomwe hapahapa mezani, zisitoke nje ya chumba. Zisizo na ukurasa wa mwisho nimeziwekea karatasi nyeupe ndani. Andikeni mwisho wenu humo, mtie na jina.

Toleo la 33 nimekuja nalo, ni nakala iliyochapishwa upya, mnaweza kulishika bila woga.

Haya, mwenyekiti ananionyesha saa. Binti mwenye sweta ya kijani ameinua mkono tangu nilipomtaja Storm. Mwalimu, mpelekee maiki. Uliza, mwanangu.